Ini Alilokula Kunguru

Zuwena alizaliwa mbishi. Mama yake mzazi alikuwa akisimulia kwamba hata mkunga alipompiga kofi ili alie, alimkodolea macho kwanza, kama anayedai sababu. Maneno ya mama kuhusu mwanawe tusiyashike yote, lakini Mchangani hapakuwa na mtu aliyemsengenya jirani mbele ya Zuwena bila kuulizwa, "Umejuaje?" Mchangani ni kijiji cha wavuvi kilichojibanza nyuma ya mikoko, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Kilwa Masoko, na umbea hapo ni mboga ya kila siku. Mtu wa kuuliza "umejuaje" mahali kama hapo hapendwi sana.

Alikuwa na miaka thelathini na ushei, mke wa Ramadhani, mvuvi wa wavu wa jarife, na mama wa binti mmoja wa miaka mitano, Warda. Asubuhi alikaanga samaki akawauza kando ya barabara, mchana alibishana na yeyote aliyepita. Ramadhani alikuwa mpole na alishajua kwamba katika nyumba ile kunyamaza ndiko kulikoleta usingizi. Aliyemmudu Zuwena alikuwa mmoja tu, mama mkwe wake, Bi Mwahija, mjane mwenye nyumba na mpishi mkuu wa kila shughuli pale kijijini. Neno la Bi Mwahija jikoni halikuwa na rufaa.

Basi mtu kama Zuwena ukimpeleka darasa la mantiki, umempa kichaa rungu.

Darasa lilikuwa la akina mama, katika ukumbi wa madrasa moja pale Masoko. Mwalimu wao alikuwa Ustadha Nusaiba, binti wa Masoko aliyekwenda kusoma mbali na kurudi na vitabu vingi kuliko nguo. Alianza kwa kuwafundisha twahara na sala kama walivyotarajia. Kisha siku moja wanafunzi wake walibishana nusu saa nzima kama jirani wa mmoja wao ni mchawi au si mchawi, na Nusaiba akafunga kitabu. Akasema kuna elimu inaitwa mantiki, wanazuoni wa zamani waliisoma kabla ya kujitia kwenye mijadala mikubwa, na anaona wao wanaihitaji kabla ya kujitia kwenye midogo.

Aliwafundisha kwa herufi walizozijua tangu utotoni. Aliandika ubaoni alifu, akaandika bee, akasema: ikiwa alifu, basi bee. Hiyo ndiyo kauli ya sharti. Ukijua alifu ipo, una haki ya kusema bee ipo. Ukijua bee haipo, una haki ya kusema alifu haipo. Hizo ndizo njia mbili za salama. Zipo nyingine mbili zinazofanana nazo sana, nazo zina shimo katikati, na watu wengi tumo humo shimoni tunaishi bila kujua.

Akawapa mfano wa methali. Dalili ya mvua ni mawingu. Sawa. Mvua ikinyesha, mawingu yapo. Mawingu yasipokuwepo, mvua haipo. Lakini mawingu yakiwepo, je, mvua ipo? Akina mama wa Kilwa wote wameshawahi kuanua ufuta mbio kwa ajili ya wingu ambalo halikudondosha hata tone, wakacheka. Nusaiba akasema cheko hilo ndilo mantiki. Hoja nzuri haiangaliwi kwa utamu wa mwisho wake, inaangaliwa kama maneno ya mwanzo yanaulazimisha ule mwisho. Ukiweza kuiona siku moja tu ambayo maneno ya mwanzo ni kweli na mwisho ni uongo, hoja hiyo haishiki.

Zuwena alirudi nyumbani siku ile anawaka. Kwa wiki kadhaa hakukukalika. Mtu akisema lisemwalo lipo, Zuwena anamwambia kwamba yeye mwenyewe amesemwa mambo saba mwaka huu na hakuna hata moja analolijua. Muuza changu akimwambia samaki wake ni wazuri ndiyo maana wanaisha, anaambiwa hata dawa bandia ya mbu iliisha. Ramadhani alisema baada ya kula kwamba ameshiba, basi chakula kilikuwa kizuri, akaelezwa kwa upole shimo lilipo. Akaenda kulala kwenye mashua.

Bi Mwahija aliyatazama hayo yote kwa jicho la pembeni. Alisema tu kwamba ubishi hata ukivishwa kilemba ni ubishi.

Mwezi ule wifi yake Zuwena, mdogo wa Ramadhani, alikuwa anaposwa. Wageni wangetoka Kiranjeranje, watu wa mashamba ya ufuta na korosho, watu wa heshima zao, na msemaji wao angekuwa Mzee Hussen, baba mdogo wa kijana. Walitarajiwa baada ya sala ya adhuhuri siku ya Jumatano. Nyumba haikuwa na mbuzi. Ramadhani aliingia baharini siku tatu na kurudi na vidagaa vya kumwaibisha mtu. Alfajiri ya Jumatano yenyewe jarife likanasa kasa.

Kasa analindwa na sheria, na kila mtoto wa shule Kilwa analijua hilo. Wapo na masheikh wanaosema nyama yake si halali. Lakini asubuhi ile wageni wako njiani na sufuria ni tupu, kwa hiyo nyumba nzima ilikubaliana bila kusemezana. Gamba lilifukiwa mchangani kabla ya jua kuchomoza, nyama ikaingia ndani kwa beseni lililofunikwa kanga. Wageni wangeambiwa ni nyama, na nyama ilikuwa kweli.

Kabla ya kuipika ilibidi aulizwe kunguru. Hivyo ndivyo walivyofanya Mchangani tangu enzi za mabibi. Kasa mmoja mmoja nyama yake huwa na sumu, na kwa macho huwezi kumtambua; ana rangi ileile na harufu ileile ya mwenzake. Basi hukatwa kipande cha ini kibichi kikawekwa juu ya uchanja wa kuanikia samaki, na watu hukaa mbali wakangoja. Kunguru akija akalinusa akaruka zake, nyama yote hufukiwa. Bi Mwahija alikuwa na kisa chake, na kila mtoto wa nyumba ile alikijua. Ujanani mwake kunguru alilikataa ini, wenye pupa wakapika hivyo hivyo. Walikula jioni, wakalala wazima, wakaamka wazima, na siku ya pili yake ndipo walipoanza kulalamika midomo inawaka, wakashikwa na usingizi mzito, na ile nyumba ikatoa maiti watatu.

Asubuhi hiyo kunguru hakusita. Alitua, akalidonoa ini, akameza, akadonoa tena, akaruka kuelekea mikokoni. Bi Mwahija akasema alhamdulillahi, akafunga kibwebwe. Zuwena alisimama pale pale pamoja na wenzake, akaona kama walivyoona, akafurahi kama walivyofurahi. Na katika furaha ile likamjia wazo: Ustadha aliwataka kila mmoja aje na hoja moja ya nyumbani. Yeye ameipata yake, na hii haina doa.

Alitumwa Masoko kununua bizari na mchele, akaomba apitie darasani mara moja. Bi Mwahija alimruhusu kwa sharti kwamba arudi kabla ya adhuhuri na asimbishie mwenye duka.

Zamu yake ilipofika, Zuwena alisimama, akajitengeneza mtandio, akaitoa hoja yake kama mtu anayetoa mahari. Kunguru akilikataa ini la kasa, nyama ina sumu. Kunguru hakulikataa. Basi nyama haina sumu. Wanawake wa pwani waliokuwemo walitikisa vichwa kukubali, maana wengi wao walikulia kwa kunguru yule yule. Nusaiba aliiandika ubaoni, mistari mitatu, akarudi nyuma akaitazama.

Akauliza ile kauli ya kwanza imetoka wapi. Zuwena akasimulia kisa cha mama mkwe. Nusaiba akasema inawezekana kabisa kuwa ni kweli, na yeye haibishii. Kisha akaandika alifu pembeni ya "kunguru amekataa", na bee pembeni ya "nyama ina sumu", akawageukia wanafunzi wake.

"Alifu haipo," alisema. "Tumeambiwa nini kuhusu bee?"

Hawakuwa wameambiwa kitu. Kisa kizima cha Bi Mwahija kilihusu kunguru aliyekataa. Kuhusu kunguru anayekula hakikusema neno hata moja. Watu walilijazia wenyewe, na walilijazia zamani hata hawakumbuki kwamba halikuwemo.

Nusaiba hakuchoka, alipenda somo linapochemka namna hii. Aliwataka wamtafutie siku moja tu ambayo kunguru anakula na nyama bado ina sumu. Mmoja akasema labda tumbo la kunguru linastahimili, mbona anakula mizoga. Mwingine akasema labda sumu iko kwenye paja wala haiko kwenye ini. Zuwena alikuwa bado amesimama. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema polepole kwamba labda kunguru naye anakufa, ila anafia mikokoni.

"Maana hakuna mtu," alisema, "aliyewahi kumfuata kunguru."

Nusaiba akatabasamu, akasema ahsante, huo ndio mfano mzuri kuliko yote aliyoletewa mwaka huu. Zuwena hakumsikia. Miaka yote aliyokaa ukweni amekula kwa hoja ile. Amebisha juu ya mvua, juu ya changu, juu ya wachawi, na hii aliyokuwa akiiweka mdomoni hakuigusa. Alijikuta anamtazama mwalimu bila kumwona.

"Ustadha, si mfano," alisema. "Nyama iko mekoni sasa hivi."

Tabasamu la Nusaiba lilipotea. Akauliza nani amekula. Zuwena akasema bado, wageni wanakuja adhuhuri. Akapiga simu ya Ramadhani, ikaita mpaka ikakatika. Simu ya wifi haikupatikana. Bizari na mchele vikabaki kwenye benchi la madrasa, na mwenye bodaboda aliyempakia anasema mpaka leo kwamba hajawahi kubeba abiria anayeomba mwendo zaidi huku akilia.

Alipoingia uani, alimkuta Bi Mwahija mbele ya mafiga, mwiko mkononi, na majirani watatu wakikuna nazi. Harufu ilikuwa nzuri, na hilo lilimtisha kuliko kitu kingine. Hakusalimia mtu. Alisema nyama isipakuliwe.

Bi Mwahija alimtaka kwanza avute pumzi, kisha aseme mchele uko wapi. Zuwena akaanza kueleza. Alieleza vibaya, kama watu wote wenye haraka. Alichanganya kunguru na alifu, mawingu na mikoko. Majirani waliacha kukuna nazi wakamtazama kama anayeumwa homa. Bi Mwahija alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mjinga hata kidogo.

"Kwa hiyo unasema nyama hii ina sumu," alisema.

"Sijasema hivyo, mama."

"Basi haina."

"Hilo nalo sijalisema. Nasema hatujui. Kunguru hajatwambia kitu."

Majirani wakacheka, na ni haki yao. Mtu anakuja anakimbia, jasho linamtoka, anataka kumwaga chakula cha wageni wa posa, ukimuuliza sababu anakwambia hajui. Bi Mwahija alisema amekula kasa wa kunguru tangu hajaota meno ya ukubwani, na mama yake kabla yake, na wako hapa. Zuwena akajibu kwamba kasa wengi ni wazima, na wangepona hata kama wangemuuliza kuku au wasingemuuliza mtu. Mwenye sumu ni mmoja katika wengi, na siku atakapokuja huyo mmoja, kinga yao ni ndege aliyeshiba akaruka. Alisema anaomba kitu kimoja tu, wageni wapikiwe kisamvu.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema Bi Mwahija, sasa kwa sauti ya chini. "Mwanangu, nakuonea huruma, kwa hiyo nitakujibu kwa hiyo hiyo elimu yako. Ingekuwa na sumu, mtoto angeshaanguka. Nilimpa Warda ini tangu asubuhi, ulipotoka tu. Kipande chake cha mapenzi. Mtazame, anaruka kamba."

Zuwena aligeuka. Warda alikuwa pale chini ya kamba ya kuanikia nguo, anaruka, anahesabu kwa sauti, anakosea hesabu, anaanza upya.

Lililomshtua zaidi, alisimulia baadaye, ni kwamba kwa dakika nzima akili yake iliishika ile hoja ya mama mkwe kwa mikono miwili na kufurahi. Ikiwa ina sumu, mtoto ataanguka, mtoto hakuanguka, basi haina sumu. Ilikuwa njia ya salama kabisa, ile ya bee haipo. Nusaiba mwenyewe angeipitisha. Kisha akaikumbuka ile nyumba ya maiti watatu: walikula jioni, wakalala wazima, wakaamka wazima. Njia ilikuwa nzuri, ila kauli ya kwanza ilikuwa uongo. Sumu ile haimwangushi mtu papo hapo, na aliyemfundisha hivyo ni huyu huyu mama aliyesimama mbele yake na mwiko.

Zuwena alishika sufuria kwa ncha za kanga yake akaipindua, nyama na mchuzi, juu ya majivu. Jirani mmoja alipiga yowe. Bi Mwahija alibaki ameuinua mwiko kana kwamba sufuria ingali pale. Tangu kijiji kile kiwe kijiji, hakuna mke wa mtu aliyewahi kumwaga chakula cha mama mkwe wake mbele ya watu, na siku ya posa. Zuwena mwenyewe alilijua hilo. Lakini hakuwa na muda wa kuomba radhi. Alimbeba Warda na kamba yake akakimbia barabarani, na Ramadhani, aliyetokea kisimani wakati huo huo, akamfuata bila kuuliza kitu.

Kwenye zahanati walipokelewa na muuguzi anayeitwa Genoveva. Alisikiliza, akamtazama mtoto ulimi, akampima, akamuuliza kama mdomo unawaka. Warda akasema anataka soda. Genoveva aliwaambia ukweli bila kuupaka asali: sumu ya kasa huchelewa, inaweza kuja leo au kesho, na dawa ya kuifuta hana, wala kwa wakubwa wake wa hospitali haipo. Kinachowezekana ni kumtazama, na akianza kutapika, kulalamika mdomo au kusinzia ovyo, wamrudishe mbio apelekwe hospitali. Aliuliza nani mwingine kala. Ramadhani akasema mama yake alionja chumvi. Kuhusu sheria ya kasa, Genoveva alisema watalijibu siku nyingine, mbele ya wanaohusika. Leo yeye anamtazama mtoto.

Wakakaa pale kwenye benchi mpaka magharibi. Na hapo kwenye benchi Zuwena aligundua jambo lililomfanya ajionee haya. Muda wote uani alikuwa anataka kushinda. Kila neno la Bi Mwahija alilipokea akitafuta shimo lake, na mashimo aliyaona, na alifurahi kuyaona. Sasa alikuwa anamwomba Mungu ashindwe. Alitaka nyama iwe safi, kunguru awe nabii, na Mchangani yote imcheke mpaka kiama. Alimwambia Ramadhani hivyo hivyo, na Ramadhani, mtu wa maneno machache, akamshika mkono mbele za watu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Walirudishwa nyumbani mtoto akiwa mzima, wakiagizwa wasimwache peke yake. Wageni walikuwa wameshakula na kuondoka. Bi Mwahija, kwa miujiza wanayoijua wapishi wa shughuli, alikopa mchele kwa majirani akawapikia wali wa nazi kwa kisamvu na vile vidagaa vya aibu. Mzee Hussen alisifu sana, sijui kwa adabu au kwa kweli, na posa haikuvunjika. Bi Mwahija aliyasema hayo kwa Ramadhani tu. Zuwena hakutazamwa. Aliposema, "Mama, nisamehe," Bi Mwahija akaendelea kuosha sufuria, na alipoambiwa naye aende zahanati alikataa, akasema chumvi haijawahi kumuua mpishi.

Zuwena alimlaza Warda katikati, yeye upande huu na Ramadhani upande ule. Alikuwa akimwamsha kila mara kumuuliza kama mdomo unawaka, mpaka mtoto akalia kwa hasira ya usingizi, na kilio kile kikamfariji mama yake. Alidhani hatafumba jicho. Lakini mwili una mipaka, na karibu na alfajiri ulimwangusha.

Alipozinduka jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na mahali pa Warda palikuwa patupu.

Alisimama hata hajui anasimama. Akatoka chumbani akajigonga bega kwenye mwimo wa mlango, akavuka ukumbi, na nje barazani akamkuta Warda amekaa kitako, mdomo mweupe kwa uji, anadai sukari zaidi. Zuwena alimpapasa uso, akamfungua mdomo, akamnusa kama mbuzi anavyomnusa mwanawe. Mtoto alikuwa mzima. Zuwena akakaa chini kwenye sakafu ya saruji, akalia kwa sauti bila kujali nani anapita.

Na waliopita walikuwa wengi. Habari zilikuwa zimeshafika, na kila aliyepita alitaka kumwona mtoto aliyekula ini, mzima, na mama yake aliyemwaga nyama nzuri. Jirani mmoja alisema kwa kebehi kwamba kunguru wa Mchangani ana elimu kuliko madrasa zote za Masoko. Mwingine akasema mwaka ujao watu wampelekee ini ndege bila wasiwasi, maana ameshahakikishwa. Zuwena aliwasikia. Alijua kwamba hoja mbovu inaweza kufika kwenye ukweli, kama mlevi anavyoweza kufika kwake, na kwamba kufika kwake hakumfanyi kuwa si mlevi. Alijua pia kwamba kasa yule hakuthibitisha kitu, na kwamba kuanzia leo watu watamwamini kunguru maradufu. Lakini hakuwa na nguvu ya kumwambia mtu, na nani angemsikiliza?

Alingoja Bi Mwahija aseme lake. Ilikuwa siku yake ya ushindi, na mama yule hakuwa mtu wa kuacha ushindi upoe. Lakini Bi Mwahija alikuwa akiwaitikia wapita njia kwa "alhamdulillahi" tu, huku amewapa mgongo.

Ndipo Zuwena alipouona mkeka. Ulikuwa umetandikwa ukumbini, umeziba mlango wa chumba chao. Aliuruka wakati anakimbia wala hakuuona. Juu yake palikuwa na tasbihi, mto usio na alama ya kichwa, na bakuli kubwa la tui la nazi, tui zito la kwanza, ambalo watu wa pwani huamini linavunja sumu. Lilikuwa limeshaanza kuchacha. Pembeni yake palikuwa na kijiko kidogo, kile cha Warda.

Alimtazama mama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu jana. Macho yalikuwa mekundu, na ngozi chini yake imevimba. Mama yule alikuwa amekaa pale usiku kucha, nje ya mlango, anasikiliza pumzi ya mtoto.

Hoja ilijipanga yenyewe kichwani mwa Zuwena bila kuitwa. Ikiwa Bi Mwahija anamwamini kunguru, angelala. Hakulala. Aliizungusha huku na huku kama alivyofundishwa, akaitafutia shimo kwa nia njema kabisa, asilione. Ilishika. Na yeye mbishi wa kuzaliwa, akiwa na hoja moja ya maisha yake ambayo hakuna mtu Mchangani angeweza kuivunja, akaifumbia mdomo.

Akasogea, akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi Mwahija aliingia akaleta lile bakuli, akalimwaga tui mchangani, akasimama akiliangalia linavyonywewa. Alisubiri mpita njia wa mwisho apotee kwenye kona.

"Mwambie mumeo," alisema, "kasa akinasa tena, akate wavu amwache aende zake. Mimi sina nguvu ya kukesha mara ya pili."